Paa Aliyeogopa Mvua

Bahasha ilifika Jumanne asubuhi, na mwandishi aliifungua akiwa amesimama pale pale mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Ndani mlikuwa na michoro kumi na miwili ya kitabu chake kipya cha watoto, *Paa Aliyeogopa Mvua*. Alikuwa ameingoja miezi mitano. Alichomoa wa kwanza, macho yakamtoka pima.

Mchoro ulionyesha nyumba. Juu yake kulikuwa na paa la mabati lenye macho mawili makubwa na midomo inayotetemeka, likitazama wingu jeusi. Katika mchoro wa pili paa lilikuwa limeota miguu na kutimua mbio, mguu niponye, nyumba imebaki wazi na wenyewe wameduwaa vitandani.

Sasa, mwandishi wa watu alikuwa ameandika habari za paa mnyama. Yule mdogo wa porini, mwenye miguu myembamba, anayeshtuka hata jani likidondoka.

"Baba watoto!" aliita. "Njoo uone nilivyofanyiwa!"

Mumewe, fundi wa kuezeka nyumba, alitoka chumbani na kiatu kimoja mguuni. Alipitia michoro yote bila haraka, na badala ya kumpa mkewe pole, alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Miaka kumi na minne ni sungura, kobe na masufuria tu," alisema. "Leo ndiyo umekumbuka kazi ya mumeo. Na huyu mchoraji anajua! Ona misumari, yote imepigwa kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni."

"Ni mnyama, wewe! Mnyama!"

"Basi mnyama wako kaezekwa vizuri."

Mwandishi akampigia simu mhariri, damu ikimchemka. Mhariri alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa sauti ile ya upole inayoudhi kuliko ukali, "Dada yangu, kitabu kinaingia mtamboni Ijumaa. Tukichora upya, nafasi yako anapewa mwingine, na mwakani siwezi kukuahidi kitu. Halafu mnyama gani huyo? Hana pembe, hana mkia."

"Si ulivifuta wewe? 'Usiseme kitakachoonekana kwenye picha.' Uliandika pembeni kwa kalamu nyekundu!"

Mhariri akakohoa kidogo. "Nipe jibu kabla ya Alhamisi jioni," alisema.

Mchoraji, mzee mmoja mpole, naye alipopigiwa simu alikuwa na lake la kujitetea. "Mwanangu, mwaka juzi ulinipa *Sufuria Aliyekataa Kuoshwa*. Siyo 'iliyokataa', 'aliyekataa'. Nikajua kwako kila kitu kina roho. Nilipoona 'Paa aliyeogopa', nikasema haya, leo ni zamu ya paa."

Hoja hiyo ilimuuma mwandishi zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya kweli. Lakini alishaapa: heri akose nafasi kuliko jina lake kukaa juu ya kitabu kisicho chake. Alichohitaji ni ushahidi tu wa kumpelekea mhariri. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi akaenda kwenye shule ya jirani, ambako shoga yake alifundisha darasa la pili, akaomba kuwasomea watoto maneno matupu bila picha. Watoto arobaini na watatu wakisema paa ni mnyama, nani atabisha?

Walimpa kiti chao, magoti yakamfika kidevuni. Akasoma vizuri, kwa sauti zote, ngurumo akaipiga kwa kifua. Kisha akauliza, "Haya, Paa ni nani?"

"Mnyama!" wakapiga kelele wa upande wa dirisha.

"Wa nyumba!" wakajibu wa upande wa mlango.

Ikawa patashika. Mwalimu alipokwisha kuwatuliza, msichana mmoja asiye na meno ya mbele, ambaye wenzake walimwita Kibogoyo, alibaki amenyoosha mkono.

"Kama ni mnyama, akikimbia anajificha tu, basi," alisema. "Lakini kama ni wa nyumba, akikimbia watu wa ndani wanalowa. Yeye anajua kama wanalowa?"

Mwandishi akatazama karatasi yake ya mwisho. *Mvua ikaisha, Paa akacheza kwa furaha.* Mstari huo aliuandika mara tisa, na mara zote tisa ulilala usingizi. Lawama alimtupia mhariri. Kumbe mnyama wake angekimbia hata mwaka mzima, hakuna ambaye angepungukiwa na kitu. Aliona aibu, na katikati ya aibu ile akasikia furaha inampanda mpaka masikioni. Akaazima penseli, akageuza karatasi na kuandika huku watoto wamemwinamia mabegani. Kisha akasoma.

"Paa aligeuka, akawaona wamelowa. Akarudi, akapanda juu ya nyumba, akawafunika. Mvua ikampiga. Akatetemeka usiku kucha, lakini hakuondoka."

Mkono wa Kibogoyo ukapanda tena.

"Na yeye anafunikwa na nani?" akauliza.

Mwandishi akamtazama shoga yake, naye akawa na kazi ya haraka sana ya kufuta ubao uliokwisha kufutwa.

"Hafunikwi na mtu," akajibu mtoto mmoja wa upande wa dirisha, mmoja wa wale waliopigania mnyama. "Lakini wa ndani wanamwambia asante. Kwa sauti, ili asikie."

Mwandishi akaliandika na hilo, neno kwa neno.

Akatoka kibarazani, akaupiga picha ukurasa na kumtumia mhariri, kisha akapiga simu. "Paa abaki wa nyumba," alisema. "Ila mwisho ni huo niliokutumia. Usome sasa hivi."

Baada ya muda, upande wa pili, akamsikia mhariri anapenga kamasi.

"Dada," alisema mhariri, "huu mwisho kaandika nani?"

Neno "mimi" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mwandishi akalimeza.

"Darasa la pili," alisema. "Weka jina lao juu, pamoja na langu."