Nguo za Watu

Dobi alijua kulipiga pasi shati la mtu likarudi kama jipya, lakini tangu mke wake alale kitandani kwa ugonjwa, kazi ilimshinda. Mafurushi ya nguo yalijaa sebuleni. Jirani yao mwalimu alikuja kuchukua suruali zake, akazikuta bado zina makunyanzi. Alizikunja taratibu, akashukuru, akaondoka nazo kana kwamba ndivyo alivyozitaka.

Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba dawa zimefika mwisho, mgonjwa akae nyumbani na watu wake. Dobi hakutaka kusikia. Kila asubuhi aliingia chumbani na bakuli la supu.

"Kunywa, bibie. Utapona."

"Nitapona," mke alijibu, akameza vijiko viwili, akavitapika kwenye beseni, kisha akaomba radhi.

Siku hiyo alikataa kijiko.

"Mume wangu, kaa. Nimechoka."

"Umechoka na supu? Nikuchemshie chai?"

"Nimechoka kukubembeleza wewe. Kila ukisema nitapona, inabidi niitikie, usije ukalia. Hivi mgonjwa ni nani humu ndani?"

Dobi alirudisha kijiko ndani ya bakuli.

"Miaka yote hii," mke akaendelea, pumzi zikimkatika, "unapokea nguo za watu, unazitunza kama zako. Mwenyewe akija, unampa kwa mikono miwili. Sijakuona hata siku moja ukigombana naye."

"Nguo ni nguo. Wewe si shati."

"Na lile koti la kijivu la mteja je? Si ulilivaa ukaenda nalo harusini, ukapiga na picha!"

"Lilinikaa, bwana!"

"Lilikukaa kweli. Na bado ulilirudisha."

Wakacheka wote wawili, mpaka kicheko cha mke kikageuka kikohozi. Dobi akamshika mgongo. Kiganja chake kilihisi kila mfupa. Hapo ndipo moyo wake ulipokubali kile ambacho masikio yalikwisha kusikia: kumzuia hakuweza. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa kidogo tu, kumpunguzia mwenzake mzigo au kumwongezea.

Akaweka bakuli chini.

"Ukichoka, pumzika. Mimi nitajimudu."

"Mwongo wewe! Hata chumvi hujui inakaa wapi."

"Basi nitajifunza."

Mke akamgusa mkono. "Hilo sasa ndilo la kweli."

Machozi yakamtoka dobi. Safari hii hakugeukia ukutani, wala hakusema lolote la kumtaka mke aitikie. Alijifuta kwa mkono wa shati, akamwekea mto vizuri, akakaa karibu naye. Mke hakumwambia anyamaze. Hakumwambia yatapita. Alifumba macho, uso ukalegea, akalala, na hakuna aliyemwamsha.