Kifungo cha Mzingo wa Nje

Mwalimu wa hesabu, aliyeachiwa vipindi vya kemia, alikuja Jumamosi kuichukua atomi. Wifi yangu alikuwa bado hapa nyumbani, anakunja nguo za kaka yake, yaani mume wangu, tuliyemzika wiki ile.

Atomi ilining'inia juu ya cherehani yangu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa kemia, na aliitengenezea hapa hapa mezani kwangu ili akawaonyeshe wanafunzi. Kiini kilikuwa mpira niliomshonea wa vipande vya nguo. Mizingo ilikuwa waya aliokunja kwa koleo. Elektroni zilikuwa vifungo kutoka kwenye kopo langu, nikavifunga kimoja kimoja huku yeye akinielekeza.

"Mzingo wa ndani, wawili tu. Wa pili, wanane. Wa tatu, wanane."

"Na hiki kilichobaki? Si nafasi bado ipo hapo kwenye wa tatu?"

"Ipo. Lakini hii ni potasiamu, ina tabia zake. Huyu wa kumi na tisa anaanza mzingo wa nne, peke yake, kama mgeni wa barazani. Na ndiye wa kwanza kuondoka, maana yuko mbali na kiini, hashikwi sana."

Huyo mgeni nilimchagulia kifungo kikubwa cha bluu. Nilipokata uzi, mume wangu alishika ukosi wa shati lake jeupe. Kifungo cha juu kilikuwa kimedondoka tangu mvua zianze.

"Kumbe atomi ina fundi. Na mimi je?"

"Kesho."

"Hiyo kesho yako nayo ina mizingo mingapi?"

Tulicheka. Nilikuwa na sare za watu, na watu walishatoa malipo ya awali. Mganga hajigangi, nikamwambia, na yeye akaenda kazini shingo wazi. Darasani walipomcheka aliwajibu, "Nimepoteza elektroni ya nje, sasa nina chaji chanya." Wakambandika jina, Mwalimu Ioni. Alikuja kunisimulia huku anacheka mpaka machozi. Hakuwahi kunikasirikia kwa ajili ya shati lile. Afadhali angenikasirikia.

Alianguka mbele ya ubao, chaki mkononi, hakuamka tena.

Asubuhi ya maziko wifi alichagua shati lile lile jeupe. "Hili ndilo alilolipenda," akasema, akaenda kutafuta tai. Nikabaki nalo mikononi. Vitu vyangu vyote vilikuwa vimehamishwa ili waombolezaji wapate pa kukaa, na kopo la vifungo sikujua liko wapi. Nilichoona ni atomi tu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa. Nikakata kile cha bluu. Nikakishona. Tai ikakifunika, hakuna aliyejua.

Sasa mwalimu wa hesabu alikuwa ameishusha, anaizungusha taratibu, anahesabu kwa midomo.

"Mama, mbona mzingo wa nje hauna kitu?"

"Ni wale wanafunzi waliokuja kutoa pole," wifi akadakia. "Walikuwa wanaichezea hapo mlangoni. Yule mrefu nilimwona kwa macho yangu."

"Yule? Huyo namjua, mkono wake mwepesi." Mwalimu akatikisa kichwa. "Kuiba msibani! Jumatatu nampeleka mbele ya mstari, shule nzima imwone."

Yule mrefu ndiye aliyelia kuliko wote kaburini. Lakini kuusema ukweli kulikuwa ni kumwambia wifi kwamba kaka yake alikwenda kazini shingo wazi msimu mzima wa mvua, na mkewe ni fundi.

Mwalimu alikuwa ameshaifunga atomi kwenye shuka, anaelekea mlangoni.

"Usimguse mtoto wa watu," nikasema. "Nilikichukua mimi. Kiko shingoni kwa mume wangu."

Nikawaeleza yote. Mwalimu aliangalia viatu vyake. Nilingoja wifi anipasue kwa maneno, maana ulimi anao. Aliendelea kulainisha suruali aliyokuwa ameikunja, mara mbili, mara tatu.

"Alikuja kwangu na lile shati," akasema mwishowe. "Nikamwambia, lete nikushonee, kwani ni kazi gani? Akakataa. Akasema, 'Hicho kifungo ni kazi ya mke wangu, nitamngoja.'"

Heri angenitukana.

"Basi, mama," mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "haina neno. Na hivi inafaa pia, nitawafundisha ioni. Au utafunga kingine ukipata nafasi, hata kesho."

"Keti," nikamwambia.

Wifi alimletea maji. Mimi nikalitoa kopo uvunguni mwa kitanda, lilikokuwa siku zote hizo, nikatafuta kifungo kikubwa. Cha bluu hakikuwepo kingine, nikachukua cheusi. Nikaifungua atomi kwenye shuka, nikatunga uzi, nikapiga fundo, nikakifunga kwenye mzingo wa nne, nikakata kwa meno.

Nilipoinua macho, mwalimu alikuwa hajanywa hata nusu ya bilauri ya maji.