Rangi ya Kucha kwenye Gurudumu la Motere

Neno ulilolisema mbele ya wakwe halirudi mdomoni. Mama Florentine wa Rugenge, mtaa wa Uvira, alilijua hilo, na bado alilisema.

Ilikuwa Luvungi, siku ya mahari ya mwanawe Thierry. Bibi wa bibi arusi Ishimwe, yule aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikaa mkekani na mguu mmoja umenyooka kama mwiko, kwa maana nyonga yake ilivunjika zamani na haikuunga vizuri. Soda zikiwa bado zinafunguliwa, akauliza mbele ya watu wote:

"Na minye nitafika namna gani Uvira kumutoa mutoto wangu ndani? Pikipiki siwezi kupanda."

Mama Florentine akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Utafika na gari ya nyumba yetu, mama. Haitakuwa ya kukodisha. Minye mwenyewe nitakuja kukuchukua."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Sawa. Siku hiyo gari ikifika, nitajua kama nyumba yenu iko na neno."

Kwa watu wa ukoo huo, bibi arusi hukaa kwanza ndani ya nyumba ya mama mkwe bila kugusa ufagio wala sufuria. Halafu yule aliyemlea huja, humshika mikono mbele ya watu, hutazama viganja na kucha, ndipo humtoa nje. Mikono ikiwa laini, watu husema mtoto alipokelewa vizuri. Mikono ikiwa na alama za kazi, watu hunyamaza, na kunyamaza kwa wakwe ni kubaya kuliko matusi.

Basi siku ya kumtoa Ishimwe ikapangwa kuwa Jumamosi. Na wiki ileile gari ikaanza kulia machozi.

Gari hiyo ilikuwa Carina ya marehemu Anastase, mume wa Mama Florentine, yenye rozari kwenye kioo na kiti cha mbele kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu. Amisi akaja kutoka Kimanga kuitazama. Alikuwa fundi wa magari, Mwislamu wa zile familia za wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, na tena rafiki wa Anastase wa kula sahani moja. Akaingiza mkono chini ya motere, yaani injini, ukatoka umelowa.

"Shemeji, pompe ya maji imekwisha. Na kuruwa ya distribisio, ule mukanda wa ndani, umepasuka-pasuka kama kisigino cha mulimaji. Mukanda ule wenye meno njo unashika gurudumu la juu na la chini, vizunguke pamoja, na njo unazungusha pompe. Ukifungua kwa ajili ya kimoja, ubadilishe vyote."

"Na kuipeleka kwako Kimanga?"

"Mukanda ukatike njiani? Hapana. Nitaifungulia hapa kwako, Ijumaa. Weye upike."

"Kumbe njo sababu unapenda kufungulia magari nyumbani mwa watu."

"Sababu iko moja tu, na haijaiva bado."

Ijumaa asubuhi Amisi akaingia uani na kriki ya kuinulia gari na sanduku la vyombo. Gari ikainuliwa, gurudumu la kulia likatolewa, maji ya motere yakashuka kwenye beseni, mabuloni yaliyofunguliwa yakapangwa juu ya gunia kama dagaa wa kuanikwa. Alipotoa kifuniko, pua ya motere ikaonekana: mkanda mchakavu, na magurudumu yake ya chuma yaliyofunikwa na mafuta meusi yaliyoganda.

"Sasa," akasema, "kabla ya kutoa huu mukanda, niweke alama. Jino hili la gurudumu la juu linatazama fasi hii. Likipotea, motere itakuwa kama kwaya ambayo kila muntu anaanza wimbo kwa saa yake. Uko na rangi, shemeji? Yangu imekauka."

Rangi haikuwepo. Lakini Mama Florentine alikuwa mtu wa kuona vitu vilipo, akakumbuka chupa ndogo nyekundu dirishani kwa Ishimwe. Akachungulia, mkamwana amelala. Akaichukua taratibu bila kumwamsha.

Amisi akaigeuza mkononi. "Verni ya kucha. Leo hii motere inaolewa."

Akapaka jino moja, akapaka na chuma cha nyuma kinachotazamana nalo. Akafanya hivyo na chini. Kisha akatoa mkanda, akatoa pompe ya zamani, na adhana ikamkuta hapo. Akanawa kwa Omo, akavaa kanzu yake nyeupe, akaenda kuswali. Thierry alikuwa ametumwa kutafuta gundi ya kubandikia pompe mpya. Mama Florentine akachukua kikapu kwenda ziwani kwa wauza samaki wa mikeke, na alipopita kwenye pazia la Ishimwe akasema kwa sauti ya chini, "Ubaki ndani, mwanangu. Narudi sasa hivi."

Alirudi kabla ya wanaume. Tangu mlangoni akasikia sauti: kwaru, kwaru, kwaru. Akaijua. Ni sauti ya mwanamke anayesugua sufuria.

Ishimwe alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, kitenge amekipandisha magotini, mkononi kipande cha wavu wa zamani, pembeni sahani ya majivu. Gurudumu la juu la motere lilikuwa linang'aa kama kikombe cha misa.

"Ishimwe. Unafanya nini hapo?"

Mtoto wa watu akashtuka, akainua mikono. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo. "Mama, niliona chupa yangu ya verni hapa nje. Watoto wa jirani waliiba, wakapaka vyuma vya fundi. Nikasema akirudi atauliza verni iko ya nani. Nimeitoa yote."

"Yote?"

"Yote, mama. Hiyo ya juu ilinisumbua, iliruka hata ikazunguka yenyewe. Lakini nimeishinda."

Mama Florentine akaweka kikapu chini. Moyo wake ulikuwa unaona vitu viwili kwa pamoja: barabara ya Luvungi bila gari, na ile mikono.

"Hakuna mutoto aliyeingia hapa," akasema. "Verni niliichukua minye. Ilikuwa alama ya fundi."

Ishimwe akaangalia gurudumu, akaangalia mikono yake. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Usilie. Ukilia utajipangusa, na uso utakuwa kama mikono. Kuna ndimu jikoni, kuna sukari, sugua. Mengine uniachie."

Akasugua. Viganja vikakubali, kucha zikakataa.

Amisi aliporudi, alimkuta shemeji yake amemngoja mlangoni na sahani ya samaki.

"Shemeji, kaa kwanza, ule."

"Samaki kabla ya kazi kuisha? Nani amekufa?"

"Hajakufa muntu. Alama zako zimeoshwa."

Amisi akasimama na kanzu yake. Akaenda kuinama mbele ya motere. "Nani ameosha?"

"Nyumba yangu imeosha. Minye nilichukua verni bila kuuliza mwenyewe. Kosa iko yangu, uniseme minye."

Amisi akatupa jicho kwenye pazia lililokuwa linatikisika bila upepo, akaelewa, hakuuliza tena. Akavua kanzu, akavaa nguo yake ya kazi, akachukua tochi ya simu. Alitazama kwa muda mrefu. Mama Florentine akaingiza mkono mfukoni, akashika rozari, shanga moja bila kusogea.

"Kuja uone," Amisi akasema mwishowe. "Ndani kabisa ya hili jino kuna tone la verni. Wavu haukufika. Na hapa nyuma, kwenye chuma, mustari wangu uko, vidole vyake havikuingia. Nikizungusha gurudumu mpaka tone litazame mustari, nimerudi fasi tulikuwa; la chini halikusogea."

"Mungu asifiwe."

"Ngoja kumusifu. Unaona hiki kitundu kidogo kama cha sindano? Na hiki kipele hapa? Hizo njo alama za kiwanda. Zinapaswa kutazamana. Sikuwahi kuziona, mafuta yalizifunika. Sasa muntu kaosha, na tazama: tone linatazama mustari, lakini kitundu hakitazami kipele. Kiko pembeni, jino moja."

"Maana yake?"

"Maana yake mukanda wa zamani uliwekwa vibaya, ama macho yangu yamezeeka. Nikifuata verni, gari itatembea kama jana, na kesho mutaenda Luvungi. Nikifuata kitundu, naamini iko sawa, lakini nikikosea itakataa kuwaka, na hatuna siku ingine. Gari iko yako, shemeji. Na neno liko lako."

Mama Florentine akautazama mkanda wa zamani. Alikuwa mtu wa kutazama na kuweka, alichokiona kilikaa. Akarudi nyuma katika miaka, akatafuta, akapata.

"Ule mukanda, uliuweka weye?"

"Hapana. Nilifikiri ni fundi mwingine."

"Weye ulikuwa Kalemie. Anastase aliuweka mwenyewe, hapa hapa uani. Alisema hawezi kungojea muntu." Akaelekeza kidole milimani. "Kabla ya siku hiyo, tulikuwa tunapanda mulima wa Ngomo, gari imejaa watu na magunia, tunaimba. Baada yake, tukifika tu kwenye mupando, anasema: mushuke mutembee, gari imezeeka. Minye nilishuka, nilitembea, nilisema ndiyo, njo uzee. Lakini muntu hazeeki kwa siku moja, shemeji."

Amisi akaanza kucheka kabla hajamaliza kusikia. "Anastase. Kuruka jino moja halafu kusingizia uzee."

"Alitutembeza mulima wote."

"Na yeye amekaa ndani anaendesha."

"Amekaa. Anatupungia mukono." Mama Florentine akacheka mpaka akaegemea bawa la gari, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Miaka mingi alikuwa akimlilia mtu huyo. Siku hiyo ilikuwa kama amemkamata mlangoni na viatu mkononi. "Fuata kitundu," akasema.

Amisi akafuata kitundu. Pompe mpya ikakaa kwenye gundi yake, mkanda mpya ukavishwa jino kwa jino, ukakazwa. Akaizungusha motere kwa mkono, kwa ufunguo mrefu, mizunguko miwili, taratibu kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Kitundu kikarudi kutazama kipele. Akafunika, akafunga, akajaza maji. Jua lilikuwa linaelekea upande wa milima. Thierry, ambaye alikuwa amerudi na gundi na tangu hapo anapitisha vyombo bila kuthubutu kuuliza, akakaa kwenye usukani.

"Washa," Amisi akasema.

Gari ikashika mara moja. Haikukohoa kama zamani, haikuomba. Ilinguruma chini chini kama mtu aliyelala ameshiba. Thierry akaitoa, akaipandisha ile njia ya mawe inayoelekea mlimani, akarudi meno yote nje.

"Mama, hii si gari yetu."

"Njo yetu. Ya baba yako ilikuwa ile ingine."

Jumamosi asubuhi Mama Florentine akapanda gari, Thierry akaendesha, akatimiza alilosema. Bibi akatolewa kitini kwake Luvungi, akakataa nyuma, akakaa mbele na mguu wake umenyooka mpaka karibu na kioo, na njia nzima akamhimiza Thierry apite malori. "Hakuna haraka, bibi," Thierry akasema. "Minye njo niko nayo," bibi akajibu.

Rugenge watu walijaa uani. Ishimwe akaletwa, amefunikwa, akapiga magoti. Bibi akaishika ile mikono, akaifungua, akapapasa viganja. Halafu akaishika kucha ya kidole cha kati, akaisogeza karibu na macho. Akaisogeza karibu na pua.

Uwanja ukanyamaza.

"Hii iko nini?"

Thierry akatazama chini. Mama Florentine akasogea mbele, kitenge kimefungwa vizuri kama siku ile ya mahari. Angeweza kusema ni hina iliyoharibika. Alikuwa amelifikiria hilo usiku, akalikataa katika sala.

"Ni mafuta ya gari, mama. Ile gari iliyokuleta. Hakutumwa na muntu. Alitoka mwenyewe, akaosha motere na majivu kama sufuria, akaosha na alama za fundi. Na kwa kuosha kwake tuliona kosa ya miaka mingi. Bila mikono hii, ungefika, lakini ungefika ukikohoa."

Bibi akamgeukia Amisi. "Fundi, njo vile?"

"Njo vile, bibi. Na minye nililetewa samaki kabla ya saa yake."

Bibi akaitazama tena kucha. Mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakachelewa kujua kama analia au anacheka. "Kwangu sufuria zote zilitoboka," akasema. "Alisugua mpaka unaona jua upande mwingine. Nilikuwa naogopa mutamukalisha mpaka asahau mikono yake." Akamfunua uso, akamwinua. "Neno nimeliona. Mikono nimeiona. Tutoke."

Vigelegele vikapita ukuta mpaka kwa majirani.

Baadaye, sahani zikizunguka, bibi akamwita Ishimwe, akanyoosha ule mguu mgumu juu ya stuli.

"Ile verni ilibaki?"

"Ilibaki kidogo, nkambo."

"Nipake kwenye huu mguu, halafu umuite fundi autazame. Labda na wenyewe uliwekwa jino moja pembeni."

"Huo sifungui," Amisi akasema kutoka kwenye sahani yake. "Huo uliwekwa na mafundi wengine."

Ishimwe akapiga magoti, akafungua chupa, akaanza na kidole kikubwa.