Kromosomu ya Mwisho ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinipa kipande cha ngozi ya mkono wake kwa sharti moja: nisimwozeshe panya mwenye sura mbaya. Ndiyo kazi yetu maabara. Tunaunganisha seli ya mtu na ya panya, na kadiri seli hiyo mseto inavyozaana, inapoteza kromosomu za mtu mojamoja. Kimeng'enya fulani cha mtu kikitoweka pamoja na kromosomu fulani, tunajua jeni ya kukitengeneza ilikaa humo. Kwa ngozi yake tulipata makazi ya jeni mbili. Kabla hatujaandika ripoti, homa ya uti wa mgongo ikamchukua ndani ya siku nne.

Seli zake halisi zilikuwa zimeshazeeka na kufa. Ilibaki chupa moja ya mseto. Daktari, mkuu wetu, aliniambia niigandishe upesi kabla haijapoteza kila kitu. Alisema kweli, na nilimchukia kwa hilo. Mimi ndiye niliyekwenda kumtambua mdogo wangu mochwari, nikaiona ile droo ya baridi ikivutwa. Nikasema kumrudisha kwenye barafu siwezi, nitamlisha.

Nikamlisha miezi saba. Mama nilimweleza kwamba bado kuna kitu chake kinachoishi, akawa ananiuliza kila nikirudi, kama mtu anayemuulizia mwanawe aliye shule ya bweni. Nilimjibu hajambo. Sikumwambia nilikuwa nahesabu kwenye hadubini: kromosomu zake kumi na moja, sita, mbili, moja.

Ijumaa nilipima kwenye jeli kimeng'enya cha ile kromosomu ya mwisho. Siku zote hutokea mistari miwili, wa mtu na wa panya. Ulitokea wa panya peke yake. Nikarudia mara tatu kwa ubishi tu. Seli zenyewe zilikuwa na afya tele, zimejaa chupa nzima. Nilitamani kuzimwaga kwenye sinki.

Jioni nilimkuta mama anakunja nguo. Nikamweleza yote, hata lile la kugandisha. Nilingoja anigombeze, maana nilistahili. Aliendelea kulikunja shati moja mpaka likawa dogo kabisa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Sijui, mama. Wiki hii, siku yoyote."

"Kule hospitali nilimshika mkono mpaka mwisho," akasema. "Safari hii amekwenda hakuna aliyejua."