Daktari wa Kuulizauliza

Baba yangu hamwamini daktari anayeuliza.

"Ukienda kwa mfumu," huwa anasema, na mfumu kwetu ni mpiga ramli, "unabeba kuku wako, unakaa kimya. Kuku anapasuliwa, mfumu anamtazama ndani, anakwambia mwenyewe: umekuja kwa ajili ya ng'ombe, ng'ombe wa mabaka, anaumwa tumbo. Akikuuliza, 'Mzee, tatizo nini?', chukua kuku wako urudi ukamle nyumbani. Huyo hajui kitu."

Sisi tumebatizwa, na baba ndiye anayepitisha kapu la sadaka kila Jumapili, lakini kanuni hiyo haijawahi kubatizwa. Aliwahi kuipeleka hata hospitali. Daktari akamuuliza anaumwa wapi, baba akamkodolea macho kama anayengoja gari, mpaka daktari wa watu akaandika kwamba mzee apimwe masikio.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Kamanga nasubiri matokeo, na mbwa wetu akaugua.

Alikuwa anaitwa Hawapendi. Kwetu mbwa hapewi jina bure, anapewa jina la kumfikia jirani. Jirani mwenyewe alikuwa mzee Maige, aliyegombana na baba juu ya mpaka wa shamba. Kila jioni baba alisimama kwenye ua na kuita kwa sauti ya mnada, "Hawapendi! Hawapendi!" Maige naye akatafuta mbwa, akamwita Tumeona. Basi jua likizama wazee wawili wanaitana mbwa, Kamanga nzima inajua kwamba kikao kimeanza.

Baba alikuwa akisema mbwa ni mfanyakazi tu, analinda zizi, hapendwi mtu hapa. Lakini alipovuka kwenda Mwanza alirudi na mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki viwandani, akayachemsha mwenyewe na kuyapoza kwa kupuliza. Mama alikuwa akimtazama na kusema, "Baba Mhoja, mimi nimekuzalia saba na sijapuliziwa hata chai."

Jumatatu asubuhi tulimkuta Hawapendi amelala langoni mwa zizi. Udenda unamtoka, macho yanatiririka, miguu inatetemeka. Ugali wake haujaguswa. Nilipomwinamia alinuka josho, nikajua ni kwa kulala na ng'ombe.

"Maige," baba akasema, kama mtu anayesoma hukumu.

Maige alikuwa tayari kichwa kiko juu ya ua. "Kichaa cha mbwa hicho, Machibya. Mfungeni, waitwe watu wa bunduki."

"Umesikia?" baba akaniambia. "Bado hajafa, mwenzako ameshapanga mazishi."

Mimi nikapendekeza daktari. Baba akasema daktari anamjua: Chenge.

Chenge alikuwa na baiskeli, koti jeupe na sanduku la bati. Zamani alifanya kazi kwenye ranchi moja. Kazi gani, hakuna aliyejua kwa hakika, wengine walisema alikuwa anafungua geti. Ranchi ilipopunguza watu yeye akapungua akiwa na sindano. Siku hizo biashara ilikuwa huru, na uhuru huo Chenge aliuelewa kuliko wote.

Hakuuliza neno. Alisimama mita tano kutoka kwa mbwa, akafumba macho.

"Mbwa huyu hajala tangu jana."

Baba akanitazama: umeona?

Mimi nilikuwa nautazama ule ugali pembeni ya mguu wa Chenge, umejaa nzi.

"Na upande wa kushoto wa nyumba hii kuna mtu hafurahii mbwa huyu."

Upande wa kushoto kichwa cha Maige kilishuka haraka nyuma ya ua.

"Huyo ndiye daktari!" baba akanong'ona. Akatoa jogoo. Chenge akachoma sindano ya kitu cha rangi ya chai, akafunga jogoo kwenye baiskeli, akaondoka akipiga filimbi. Nikamwambia baba, "Na mimi nafumba macho: naona jogoo ametuacha." Akaniambia elimu yangu ya sekondari imeniharibu.

Jumanne Hawapendi hakuweza kusimama.

Asubuhi ile baba alikaa langoni, mkono juu ya kichwa cha mbwa, na alipotuona akauondoa upesi na kujifanya anatafuta kupe. Mama ndiye aliyesema kwamba Mirongo, ng'ambo kule mjini, kuna Mhaya amefungua duka la dawa za mifugo, ni daktari wa chuo kabisa, anaitwa Longino.

"Wa serikali?"

"Wa kwake mwenyewe."

"Ahaa," baba akasema. "Wa serikali alilipwa mshahara, ng'ombe wapone wasipone. Huyu anakula magonjwa. Ng'ombe wote wakipona, yeye atakula nini? Mtu wa namna hiyo anaweza kukutibu kweli?"

"Basi mzike," mama akamjibu, akaingia ndani.

Tukamtia Hawapendi kwenye toroli, tukamfunika gunia, kichwa nje. Kwenye kivuko watu walikuwa wamebanana na magunia ya mihogo, lakini sisi tulipata nafasi ya waziri. Kila udenda ulipodondoka, mduara ulipanuka.

"Mzee, huyo mbwa ana kichaa!" mama mmoja akapiga kelele.

"Ana mafua," baba akasema.

"Mafua gani ya kutetemeka?"

"Ya ziwani."

Njiani baba akanipa masharti. Tukifika, nisiseme kitu. Hata kidogo. Huyo Mhaya kama amesoma kweli, aseme mwenyewe mbwa anaumwa nini. Akishindwa, tutajua ni muuza chupa tu. Nikamuuliza, "Na Chenge je? Si alisema mwenyewe?" Baba akatazama maji.

Duka la Longino lilikuwa na makopo yenye maandishi ya kizungu mpaka darini, na kiti kimoja ambacho baba alikataa kukikalia. Longino alikuwa kijana wa miwani, shati limechomekewa, kiswahili kimenyooshwa kwa pasi.

"Shikamoo mzee. Karibuni. Mbwa ana tatizo gani?"

Baba akaniangalia kwa ushindi. Hata salamu hazijaisha!

"Marahaba," akasema, akanyamaza.

"Ameanza kuumwa lini?"

Kimya.

"Ana chanjo? Amemng'ata mtu? Analala wapi? Usiku nani huwa nyumbani?"

Kwa swali hilo la mwisho hata mimi nilisita. Daktari wa mbwa, usiku wa nyumbani kwetu unamhusu nini? Miezi ile wezi wa ng'ombe walikuwa wanapenda sana kujua mbwa analala wapi. Lakini nilimtazama Hawapendi, nikafungua mdomo. Baba akanikanyaga mguu. Kiatu chake ni cha tairi la lori.

"Mzee," Longino akasema, "usipojibu nitajuaje?"

"Wewe si ndiye daktari? Sema wewe."

Longino akavua miwani. Nadhani alishawahi kukutana na wazee wa kwetu, maana hakushangaa, alichoka tu.

"Haya, nitasema. Mbwa anatoa udenda, anatetemeka, hasimami. Chanjo sijaonyeshwa. Mwenye mbwa hazungumzi. Kwa haya tu niliyonayo, siwezi kuacha kusema kichaa cha mbwa. Na nikishasema hivyo, mbwa huyu hatoki hapa. Namfungia banda la nyuma, naita watu wa bunduki. Nyinyi wawili mtakwenda kuchomwa sindano za tumbo. Umeridhika, mzee? Nimesema mwenyewe."

Longino alikuwa anauvuta ufunguo wa banda kutoka msumarini. Hawapendi akasikia kelele ya ufunguo, akajaribu kuinua kichwa amtafute baba. Hakikuinuka. Mkia ndio ukapiga gunia mara moja.

Baba akachuchumaa. Nilijua hawezi kumjibu Longino: mzee wa Kisukuma akishatoa mtihani hawezi kumfanyia mtahiniwa. Badala yake akamwambia mbwa, kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo:

"Hawapendi. Si uliogeshwa wewe, Jumapili baada ya ibada, hawa wakiwa wamebaki kanisani na kwaya yao?"

Longino akausimamisha ufunguo hewani. Akaurudisha msumarini, polepole, akaja akachuchumaa upande wa pili wa toroli. Na yeye akamtazama mbwa.

"Hawapendi," akasema, "uliogeshwa na nini?"

"Mwambie ni dawa ya kupe," baba akamwambia mbwa. "Ya ng'ombe. Tangu majosho ya serikali yakauke kila mtu ana chupa yake uvunguni."

"Hawapendi, chupa hiyo ilitoka duka gani?"

"Mwambie mnadani. Chupa ya soda."

"Ilikuwa na maandishi?"

"Mwambie ilikuwa na maandishi. Ya soda."

Mimi nilikuwa nimejiuma mdomo wa chini. Mteja mmoja aliingia, akawaona watu wazima wawili wakihojiana na mbwa, akatoka.

"Sasa hili, Hawapendi, lijibu vizuri," Longino akasema. "Dawa ilitiwa maji kiasi gani?"

Hapo baba alichelewa. Shingo yake ilikuwa imetota jasho. Alikuwa mtu wa ng'ombe tangu utotoni, na kijijini ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu kuogesha.

"Mwambie," akasema mwishowe, "watu wa siku hizi ni wezi. Dawa wanaitia maji huko huko wanakouzia. Sasa mzee wako akaona... maji mengine ya nini?"

"Ulipakwa kavu?"

"Mwambie kavu. Mwili mzima. Na alisuguliwa vizuri, maana anapendwa."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kabla hajalishika.

Longino hakucheka. Alifungua jicho la Hawapendi, akatuonyesha mboni: imekuwa ndogo kama kichwa cha pini. "Si kichaa hiki," akasema. "Ni sumu. Na mngekuja jana ingekuwa nafuu." Akaanza kukimbia huku na huku. Mimi nikatumwa maji na sabuni, tukamwosha Hawapendi nyuma ya duka mpaka harufu ya josho ikatuingia kwenye meno. Kisha Longino akachukua kichupa kidogo na sindano.

"Ngoja," baba akasema. Akamgeukia mbwa. "Mwambie akivunje hicho kichupa mbele yangu. Nione hakijaguswa."

"Hawapendi, mwambie mzee akishike mwenyewe."

Baba akakipeleka kwenye mwanga, akakitikisa, akakinusa kwa nje. Akakirudisha kama mtu anayerudisha noti asiyoiamini ila hana nyingine.

Ikaja bei. Longino aliitaja, baba akashika ukuta.

"Hawapendi, mwambie daktari kwamba Chenge alichukua jogoo mmoja tu."

"Hawapendi, mwambie mzee: na ulipona?"

Walibishana kupitia kwa mgonjwa mpaka mgonjwa akalala. Mwisho wakakubaliana jambo ambalo sijalisikia kwenye biashara nyingine yoyote: nusu ilipwe pale pale, nusu ilipwe siku Hawapendi atakapobweka. Longino angekuja Kamanga Jumamosi, akirudi kutoka Sengerema kwa wateja wake, aje asikie mwenyewe.

Usiku huo kwetu hakuna aliyemwita mbwa. Ng'ambo ya ua, Maige aliita "Tumeona" mara moja, kwa sauti ndogo, kama anayepima. Hakujibiwa. Akaacha.

Alhamisi Hawapendi alikunywa mchuzi wa mapanki. Ijumaa alisimama, akaanguka, akasimama tena na kujifanya hakuanguka, tabia ambayo najua aliirithi kwa nani. Lakini hakubweka. Baba alimzunguka mara kadhaa. "Sindano imemkata sauti," akasema. "Yule Mhaya ameichukua sauti kusudi, aje aiuze tena Jumamosi." Mama akamwambia asipobweka si ndiyo atakuwa ameokoa ile nusu? Baba akamkasirikia kweli kweli. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akikasirikia hela iliyobaki mfukoni.

Jumamosi Longino aliingia langoni na mkoba wake. "Mwangaluka," akasema, kisukuma cha kuazima.

Hawapendi aliinuka kutoka zizini. Akamtazama. Akakumbuka sindano. Akabweka ng'ombe wakakurupuka, akabweka Tumeona akajibu, akamrukia mtu wa watu mpaka akapanda juu ya jiwe kubwa lililo pembeni ya choo, mkoba kifuani, suruali imepoteza kipande cha nyuma.

"Mzee!" Longino akaita kutoka juu. "Amebweka!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa yametota na hakuyafuta, maana kuyafuta kungeonekana.

"Sina hakika," akasema. "Huenda ni wa Maige."

"Ni wako, Machibya!" Maige akapaza sauti kutoka kwake. "Mlipe mtu hela yake, tusikilize redio!"

Baba akacheka. Akamshika Hawapendi kwa shingo, akalipa ile nusu, mama akatafuta sindano ya kushonea. Longino alikaa uani amefunikwa kanga kiunoni, anakunywa maziwa, na Hawapendi amelala mbele yake bila kufumba jicho.

"Mnyama mwenye akili," baba akasema. "Bado anakushuku."

"Ameponywa na nani?"

"Ndiyo maana anakushuku."

Kisha baba akasogeza kigoda. Bila kuulizwa, akaanza kueleza habari za ng'ombe wetu wa mabaka: amezaa lini, anakula wapi, maziwa yamepungua tangu lini, kikohozi chake cha asubuhi kikoje na cha jioni kikoje, mama yake alikufa kwa nini. Longino akaweka kikombe chini, akasahau hata kwamba hana suruali. Alipouliza, baba akajibu. Nilidhani sijasikia vizuri.

Tulipomsindikiza kivukoni na suruali yake yenye kiraka cha kitambaa cha pazia, nilimtania baba njia nzima ya kurudi. "Leo umemweleza mpaka ukoo wa ng'ombe. Kanuni ya mfumu imekufa?"

Baba akatazama nyuma, kuhakikisha kivuko kimeondoka.

"Titi moja limevimba," akasema. "Hilo sijamwambia. Jumamosi ijayo atakuja kumwona. Akiligundua mwenyewe, basi huyo ndiye daktari wetu."