Kiti Chenye Kitambaa Chekundu

"Mama, inua mkono. Siyo huo, mwingine."

Mpiga pasi alimvisha mama yake sweta harakaharaka. Siku hizi bi mkubwa alimwita binti yake huyo "dada", na akiachwa peke yake nyumbani huwasha jiko, akalisahau. Ndiyo maana kila asubuhi alipelekwa kituo cha wazee, binti akakimbilia kazini kwa dobi. Na dobi alishasema: ukichelewa tena, pasi atashika mwingine.

Leo geti la kituo lilikuwa na kufuli kubwa. Halmashauri imebana matumizi, alisema muuza maji wa pale nje, kituo ndiyo basi tena. Hata kuaga watu hawakuaga!

"Tumefika?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Twende kwa wakubwa."

Ofisi ya halmashauri ilikuwa mtaa wa pili. Pale mapokezi mama alisimama ghafla, akatabasamu. Kati ya viti vya wageni kilikuwepo kimoja chenye kitambaa chekundu kwenye mkono. Binti ndiye aliyekifunga kule kituoni, ili mama asipoteze kiti chake. Kumbe viti vya kituo vilikuwa vimeshapatiwa pa kwenda.

"Kiti changu," mama alisema, akakaa.

Afisa ustawi akatoka na kikombe chake cha chai.

"Dada yangu, huduma haijafutwa. Imerudishwa kwa jamii."

"Jamii gani?"

"Si nyinyi? Ndugu, majirani..."

"Majirani wako kazini, kaka. Na mimi natakiwa kazini sasa hivi."

"Sasa mimi nifanyeje? Maagizo yametoka juu."

Yametoka juu! Kwani huko juu hakuna mwenye mama? Mpiga pasi alipiga magoti, akamfunga mama vifungo vya sweta kimoja kimoja.

"Mama hali chakula mpaka aambiwe wageni wameshakula," alimwambia afisa. "Na chooni umpeleke wewe, maana hasemi. Nitamfuata jioni."

"We dada! Huwezi kumwacha hapa!"

"Kwani si kiti chake?"

Mlinzi wa mlangoni alikuwa amesikia yote. Baba yake mzazi naye alikuwa akishinda kituo hichohicho. Leo mlinzi alikuwa amemfungia mzee chumbani kwa nje.

"Mzuie huyo!" afisa alipiga kelele.

Mlinzi akafungua mlango.

"Wahi kazini, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Kiti kile cha dirishani ni cha mzee wangu. Kesho namleta."