Mkwe Kwenye Televisheni

Katika safu yote ya samaki pale kwenye geti la soko la Busia, hakuna aliyekuwa na maoni mengi kuliko Petronilla. Alikuwa na maoni juu ya mvua, juu ya padri mpya, juu ya namna Waganda wanavyopika ndizi, na ukisimama kwake kununua mgongo wazi tu, ile mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, ya kuchemshia watoto, uliondoka na maoni mawili matatu ya kuwapelekea watu wa nyumbani. Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na saba, Umoja wa Wachuuzi wa Mpakani ulipotangaza uchaguzi wa makamu mwenyekiti, Petronilla alikuwa ameshaamua kabla wengine hawajasikia habari yenyewe.

Cheo cha makamu hakikuwa pambo. Mwenyekiti, mzee Obura, alikuwa mtu mwema, lakini siku hizi alisinzia mkutano ulipoanza na kuzinduka wakati wa maombi ya kufunga. Aliyekwenda kupambana na askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, aliyebisha hodi kwa watu wa forodha mizigo ya akina mama ilipozuiwa, alikuwa makamu. Na makamu, kama alivyopenda kusema Petronilla, ni mdomo. Wagombea walikuwa wawili, wote wajumbe wa kamati ya Umoja. Callistus, muuza sufuria, alikuwa na mdomo. Zephaniah, muuza viatu vya mitumba, hakuwa nao. Petronilla alikuwa na hakika ya jambo hilo, kwa sababu Zephaniah ndiye aliyemwoa binti yake Rosebella.

Hapa inafaa tuelewane. Kwao, mama mkwe na mkwe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda pembeni mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ni mzigo kweli mkiwa mnauza soko moja. Miaka minne mizima Zephaniah alikuwa akizunguka nyuma ya kinu cha kusaga unga kila alipokwenda chooni, ili asipite mbele ya samaki wa mama mkwe. Petronilla naye alipohitaji kwenda upande wa viatu, mtu alitangulia kukohoa kwa nguvu, na Zephaniah akachutama nyuma ya magunia mpaka njia iwe salama.

Sauti ya mkwe wake Petronilla alikuwa ameisikia mara moja tu, siku ya posa kule Butula, na hata siku hiyo kijana alisalimu kisha akanyamaza. Baba yake mdogo ndiye aliyeongea yote, mwenyewe akatazama sakafu tangu chai mpaka kuku. Petronilla alimwambia rafiki yake Ayoo, waliyekuwa wakiuza naye samaki bega kwa bega, kwamba mtoto wake ameolewa na gogo. Gogo zuri, halilewi, halipigi mtu, lakini gogo. Sasa gogo linataka kuwa makamu?

Wachuuzi wa Malaba, mji mwingine wa mpakani, walikuwa wamelalamika kwamba kila jambo la Umoja hufanyika Busia, kwa hiyo mdahalo wa wagombea ulipelekwa kwao, katika ukumbi wa kanisa. Petronilla hakwenda. Angeketije ukumbi mmoja na mkwe? Lakini Emuron, mwenye jumba la video karibu na stendi, yuleyule anayepiga picha za arusi za watu, alikwenda na kamera yake. Akarudi na kanda, akatangaza kwamba Jumamosi mchana, badala ya karate, wanachama wa Busia wataona mdahalo kwenye televisheni.

Safu ya samaki ikagawanyika. Je, kumtazama mkwe kwenye televisheni ni kumtazama? Mmoja alisema picha ni picha. Mwingine alisema mtu wa kwenye televisheni hukukodolea macho kuliko wa kawaida. Ayoo, ambaye hata kwao Uluoni mila ni hiyohiyo, alishauri waulizwe wazee, na Petronilla akamjibu kwamba wazee hao hawajawahi hata kuwasha redio bila kusaidiwa. Yeye angekwenda, na leso ya kujifunika angebeba.

Asubuhi ya Jumamosi Rosebella alikuja na mtoto mgongoni. Alijua mama yake ameshatangaza soko zima kwamba kura yake ni ya Callistus, na alijua pia uchaguzi wenyewe ungekuwa wa mlolongo, kila mgombea amesimama uwanjani na wafuasi wamejipanga nyuma yake mchana kweupe. Hakuna pa kujificha.

"Mama, wewe ukisimama kwa Callistus, hawa wote wa samaki watakufuata," alisema. "Watu watasema hata mama mkwe wake amemkataa. Mimi nitaweka uso wapi?"

"Nitasimama pale kichwa yangu itanipeleka," Petronilla akamjibu, ila alimfungia samaki wawili wakubwa na kuchezea miguu ya mjukuu, maana moyoni aliumia. Alimpenda sana binti huyu. Lakini kura nayo ni kura, huwezi kuipa gogo.

Jumba la video lilifurika. Emuron alikuwa na tabia ambayo wateja wake waliilipia kwa furaha: hakuacha filamu yoyote ijisemee, alishika kipaza sauti na kueleza kila ngumi. Callistus alipotokea kwenye kioo katika suti ya kahawia, Emuron akatangaza kwamba huyu ndiye steringi, shujaa wa filamu. Callistus kweli akanguruma. Aliahidi soko la ghorofa, taa kila pembe, na mkutano na wakubwa wa Nairobi ambao hakuwataja. Petronilla alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuwauliza waliokaa karibu kama hawasikii mdomo huo.

Kisha zamu ya Zephaniah ikafika, na Petronilla akajifunika leso usoni.

Gizani mle ndani ya leso alisikia sauti nyepesi, yenye haraka, ya mtu anayejizuia kucheka. Sauti ile ilikuwa ikimwiga askari wa kanjo akidai ushuru wa kuku ambaye mwenyewe amekwisha kumla. Watu wa Malaba walicheka kwenye televisheni, watu wa Busia wakacheka kwenye mabenchi. Petronilla alidhani Emuron ameweka kanda ya mtu mwingine. Akatoa jicho moja, akatoa la pili, na hatimaye leso ikaanguka mapajani. Alikuwa ni Zephaniah. Alikuwa anazungumza kwa mikono miwili, anauliza, anajijibu, anamkatiza Callistus, anamrudishia neno kabla halijafika chini. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo huu ulikuwa umechutama nyuma ya magunia miaka minne.

Basi na Petronilla akaanza kuingilia. Alimwambia Zephaniah asimame wima. Alimwambia asimwachie Callistus habari ya choo cha soko, amuulize mara ya mwisho alikisafisha lini, na Zephaniah, kana kwamba amesikia, akauliza hilohilo. Petronilla akapiga makofi. Alisikia raha ambayo hakuitegemea, na papo hapo akasikia uchungu. Mtu wa kubishana naye alikuwa ndani ya ukoo siku zote hizo, na yeye alikuwa amekwama na Ayoo, ambaye hukukubalia kila kitu kabla hujapata joto.

Ndipo mwanamke mmoja wa Malaba aliyekuwa ukumbini akauliza habari ya usafi wa soko la Busia.

"Samaki wahame," alisema Zephaniah. "Waende nyuma, karibu na bomba la maji. Hapo mbele kwa geti ni nzi tupu, na customer akitoka Uganda anashika pua kabla ashike pochi. Najua kuna mtu nitamkasirisha, na ni mtu ninamheshimu sana. Lakini nzi ni nzi."

Emuron alisahau kipaza sauti. Vichwa vyote viligeuka kumtazama mwenye geti lenyewe, na Petronilla akainuka polepole, akakaza leso kiunoni. Emuron alikuwa mfanyabiashara mwenye akili. Akaisimamisha kanda, na Zephaniah akabaki pale juu mdomo wazi, picha ikitetemeka kidogo.

"Kijana, sikiza," Petronilla akamwambia. "Hapo kwa geti nimekaa tangu wewe hujui kufunga kamba ya hivyo viatu unauza. Huyo mtu wa Uganda, harufu ya samaki yangu ndio inamvuta avuke mpaka. Ukinipeleka nyuma, atapita aende kwa nani? Atapita aende soko la Bumala! Na nzi unasema, nani alikataa kuzoa taka karibu na mimi? Si ni hiyo kamati yenu? Toa taka kwanza, halafu uje tuongee."

Alishangiliwa mpaka vumbi likashuka kutoka darini. Emuron akaiachia kanda iendelee, Zephaniah akafunga mdomo, na ikaonekana kabisa kama amezidiwa, ingawa aliendelea na habari za forodha bila wasiwasi.

Tangu siku hiyo Petronilla hakuwa na amani. Pale getini ndipo alipolelea watoto wake, na mkwe wake mwenyewe alitaka kumtoa. Ayoo alisema ameshapata sababu safi ya kumpa Callistus kura. Petronilla akakubali kwamba sababu ni safi. Usiku hakulala vizuri.

Siku moja kabla ya uchaguzi Callistus alikuja mwenyewe, katika suti ileile, akainama mbele ya meza ya samaki. Alimpa pole kwa kuvunjiwa heshima na kijana asiye na adabu, akasema amesikitika sana kwamba mama mzima amepata mkwe wa namna hiyo. Hapo Petronilla alikunja uso. Kumsema Zephaniah ilikuwa kazi yake, hakukumbuka kumwajiri msaidizi.

"Samaki yako haitoki hapa, mama," alisema Callistus.

"Na hawa nzi utawapeleka wapi?"

"Nzi gani? Mimi hapa sioni nzi, mama."

Nzi mmoja alikuwa ametua kwenye kola ya suti, akapanda shingoni, akatembea taratibu mpaka kwenye shavu, na Callistus akaendelea kutabasamu bila kuinua hata kidole. Petronilla alimtazama nzi yule, akamtazama mtu yule. Alikuwa amepunga nzi hapo miaka na miaka, alijua kila pembe walikotoka. Akamshukuru mgeni kwa kumtembelea, akamgeukia mteja.

Siku ya kura, uwanja wa shule ulijaa. Wagombea waliwekwa mbele, wameelekea meza ya mzee Obura na kuwapa wafuasi mgongo, ili mtu asitishwe kwa macho. Watu wazima walitaniana kwamba leo mstari mrefu ushinde, maana wote waliukumbuka mlolongo wa uchaguzi mkuu wa themanini na nane, pale mistari mifupi ilipotangazwa kuwa washindi. Rosebella alikuwa amesimama karibu na mumewe, mtoto mgongoni, hageuki. Mistari ilikuwa karibu sawa. Safu ya samaki tu ndiyo ilikuwa bado kando, akina mama wamekunja mikono wakimngoja Petronilla.

Alifika akinukia sabuni, amevaa gauni la kanisani. Callistus alivunja utaratibu, akageuka na kumpokea kwa meno yote. Petronilla akampungia mkono vizuri, akampita, akatembea mpaka mwisho kabisa wa mstari wa Zephaniah, mbali naye kama mila inavyotaka, akasimama.

Ayoo alimfuata mbio akimuuliza kama amechanganyikiwa, huyu si ndiye anayewahamisha?

"Mtu ameweza kuambia mama mkwe wake ukweli mbele ya kamera," Petronilla akasema, kwa sauti ya kufika mstari wa pili, "sasa huyo ataogopa askari gani wa kanjo?"

Akina mama wa samaki walitazamana. Wakacheka, wakaja wote, na mstari wa Zephaniah ukarefuka mpaka ukapinda kwenye nguzo ya goli. Mzee Obura, aliyekuwa macho kabisa siku hiyo, akaanza kuhesabu, ingawa hata mpita njia angeona mshindi.

Petronilla alimgusa bega mwanamume aliyekuwa mbele yake. "Peleka mbele," alimwambia. "Mwambie mama yake amekuja. Lakini samaki haitoki kwa geti."

Ujumbe ukaondoka. Aliuona ukienda, kichwa kikiinamia kichwa, mdomo hadi sikio, uwanja mzima. Ulipomfikia Rosebella ukakwama kidogo. Rosebella aligeuka nyuma, akamwona mama yake kule mwisho, akafunika mdomo kwa kiganja, machozi yakamlengalenga. Kisha akaupitisha. Zephaniah hakugeuka, ni mwana mwenye adabu. Lakini mabega yake yalitikisika kwa kicheko, akainama nyuma kidogo na kusema neno refu, nalo likaanza safari ya kurudi.

Mwanamume wa mbele alilipokea, akahakikisha amelishika vizuri, akamgeukia Petronilla.

"Anasema asante sana, mama. Anasema ile jibu ulimpa kwa video aliambiwa yote, na tangu aoe hajasikia kitu tamu hivyo. Taka itatolewa kwanza, hapo umemshinda." Mwanamume akarudi hatua moja nyuma. "Lakini anasema samaki bado itahama."

Petronilla aliangua kicheko mpaka akamshikilia Ayoo. Mzee Obura alikuwa anakaribia na hesabu yake, akiomba watu wanyamaze.

"Peleka tena," alisema Petronilla, akijipangusa macho. "Mwambie mimi sijamaliza."